Nguo ya Kimondo Ilikuwa Nyekundu

Rangi ya nguo hufifia kuanzia mabegani. Jua hutua pale kwanza, kama ndege anayechagua tawi, kisha huteremka mgongoni, kisha mapajani, na mwisho kabisa hufika kwapani, mahali ambapo hata jua haliendi kwa hiari. Mkitaka kujua nguo ilikuwa na rangi gani siku iliposhonwa, msiiulize kifua. Fumueni pindo, mwangalie ndani.

Nawaandikia ninyi mliobaki katika chumba cha kushonea mavazi ya maigizo. Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani, mimi ambaye ndiyo kwanza nimemaliza haja ya saa. Inagonga vizuri, asanteni. Mkaniomba niandike nilivyoanza kazi. Vyeo sitaviandika, vilikuja vikaenda, na hakuna hata kimoja kilichonifundisha kukata kola. Nitaandika juu ya nguo moja.

Niliteremka Nakuru kutoka Kuresoi juu ya lori la viazi, katikati ya miaka ya hamsini, nikiwa nimekalia gunia na kushikilia jingine. Huko kwetu asubuhi huanza na ukungu, na ukungu ukiondoka ndipo unajua ng'ombe wako ni wangapi. Nakuru haikuwa na ukungu. Ilikuwa na vumbi jeupe lililotoka ziwani, likaingia machoni, kwenye uji, kwenye mafuta ya cherehani. Shangazi yangu alikuwa na chumba katika mtaa wa Bondeni. Alinipa siku mbili za kupumzika, na ya tatu akanipeleka kwa Fundi Barasa.

Fundi Barasa alikuwa mshonaji wa sinema. Msicheke. Sinema ya siku zile ilikuwa na mshonaji kama gari lilivyo na fundi. Mapazia yalichanika, viti vilitoboka, makoti ya wakata tiketi yalipasuka makwapani kila mwisho wa mwezi watu walipokuwa wengi. Na ukuta wenyewe wa picha ulikuwa kitambaa. Fundi alikaa kwenye baraza nyuma ya jumba, na cherehani yake ya mguu, pasi ya makaa, na kofia ya jeshi aliyorudi nayo kutoka Burma. Vitani alikuwa ameshona kaki, kaki tupu, mpaka ndoto zake zikawa za kaki.

"Jina?"

"Rael."

"Unajua kushona?"

"Najua kushona magunia, fundi."

"Gunia ni nguo ya viazi," alisema. "Kuja."

Alinipeleka ndani, akanionyesha tundu kwenye ukuta wa picha. Jana yake mtu mmoja alikuwa amemkasirikia jambazi wa kwenye picha, akamtupia kiatu.

"Shona hapo. Polepole. Ukishona vibaya, kila mtu akipita hapa atakuwa na kovu."

Nilishona, nikavuta uzi kupita kiasi. Kwa muda mrefu baadaye, kila bwana na kila bibi aliyesogea upande wa kushoto wa picha alipata mkunjo mdogo shavuni. Wengine uliwapendeza. Fundi hakunigombeza. Alikuwa akiketi nyuma, uso wa mtu ukipita juu ya mshono wangu anasema, "Huyo amepitia kwa Rael."

Picha zilikuja kwa gari moshi kutoka Nairobi, ndani ya makopo ya bati. Siku moja ikaja ya mtu aliyesafiri kati ya nyota. Chombo chake kilikuwa kama mkebe mkubwa wa maziwa, kikitoa moshi chini. Alikwenda kupigana na mfalme wa nyota isiyo na jua, ambako watu walikuwa wamesahau kivuli ni nini. Jina lake la Kiingereza lilikuwa refu, na hakuna aliyehangaika nalo. Watu wa Nakuru walimwita Kimondo. Picha yake ilikatwa vipande, kila wiki kipande, na kila kipande kiliisha yeye akiwa karibu kufa. Wiki nzima mji uliishi na wasiwasi wake.

Mwenye sinema, Bwana Hasmukh, alikuwa mtu mwenye wasiwasi kuliko Kimondo. Kila jambo lilimtoa jasho. Akaamua kwamba mtu avalishwe kama Kimondo, apite mjini na kengele akiita watu. Mimi na fundi tukaambiwa tukaangalie picha ili tujue nguo inakaaje. Fundi aliingia na futi shingoni, utadhani atapima ukuta.

Tulipotoka aliniuliza, "Umeona nini?"

"Suruali ya kubana. Koti fupi. Joho mpaka kwa magoti. Vifungo sikuviona."

"Viko mgongoni. Mfuko je?"

"Hakuna mfuko."

"Mtu anaenda mpaka kwa nyota bila mfuko," alisema fundi. "Ugali anaweka wapi?"

Kisha akauliza gumu zaidi. "Na rangi?"

Kwa maana picha haikuwa na rangi. Ilikuwa na mwanga na giza, na kati yake rangi zote za moshi. Tukaanza kuuliza watu. Mfanyakazi wa reli aliapa kwamba Kimondo anavaa buluu, kama ovaroli yake mwenyewe. Mama mmoja wa kwaya alisema nyeupe, itakuwaje nyingine, mtu ametoka juu. Shangazi yangu alisema ni zambarau. Mimi nilikuwa nimemwona amevaa kijani kibichi cha majani ya viazi baada ya mvua, na nilipowasikia wengine nikashangaa, maana nilidhani wote tumeona kitu kimoja. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kufahamu jambo ambalo limeniongoza katika kazi hii yote: mtu akimpenda shujaa, humvika kwanza nguo ya nyumbani kwao.

Bwana Hasmukh hakuwa na habari ya mapenzi. Alileta majora kutoka duka la ndugu yake, yale yaliyobaki rafuni. Kaki, nyeusi, nyeupe, na bendera, kile kitambaa chekundu chepesi ambacho wafugaji walinunua siku za soko.

"Kaki," alisema fundi, kwa mazoea.

"Kaki ni askari," alisema Bwana Hasmukh. "Watu taona kaki, nakimbia. Nyeusi ya padri. Nyeupe ya hospitali."

Mtu aliyekuwa akifagia ukumbi akasimamisha ufagio. Ndiye aliyechaguliwa kuvaa, kwa sababu alikuwa mrefu na sauti yake ilifika kituo cha reli bila kuchoka. Aliitwa Ndirangu.

"Nishoneeni nyekundu," alisema.

"Nyekundu ya nini? Watu taogopa!"

"Hapana, bwana. Nataka nionekane toka mbali. Mtu anayeonekana toka mbali, hakuna atakayesema alikuwa amejificha."

Bwana Hasmukh alifuta jasho, akamsukumia fundi jora la bendera. Sote tulielewa. Ile ilikuwa miaka ya hali ya hatari, serikali ya kikoloni ikiwawinda Mau Mau. Ndirangu alikuwa Mkikuyu, aliyezaliwa kwenye shamba la mzungu upande wa Njoro. Watu wa kabila lake walikuwa wakipakiwa kwenye malori na kurudishwa kwao, na Ndirangu hakuwa na kwao kwingine isipokuwa lile shamba. Kilichomweka Nakuru ni kazi ya sinema na kitabu kidogo cha ruhusa, tulichokiita pasibuku, chenye sahihi ya Bwana Hasmukh. Bila kitabu kile, lori. Mama yake bado alikuwa Njoro, kwenye nyumba za vibarua, akiugua macho.

Basi tukashona nyekundu. Fundi alikata, mimi nikapiga mishono. Fundi akabadilisha jambo moja tu: vifungo akavileta mbele, kwa sababu, alisema, mwanamume asiyeweza kujivua nguo mwenyewe ni mtoto au ni maiti.

Siku ya kwanza Ndirangu alipotoka, baraza zote zilisimama. Joho lilipanda na upepo. Akagonga kengele, akanguruma, "Kimondo anakuja! Ameanguka toka juu, hakuvunjika!" Kinyozi aliacha kichwa cha mtu nusu. Mafundi baiskeli wakapiga filimbi. Halafu akafika kwenye kizuizi cha askari, pale barabara ya Njoro inapoanza, na askari wakamsimamisha.

"Pasibuku!"

Kilikuwa ndani ya koti. Ndirangu akatia mkono kukitafuta, na kabla hajakigusa akasikia bunduki ikikokwa. Akabaki hivyo, mkono ndani, hathubutu kuutoa wala kuuacha. Koplo mmoja mwenye pengo, mtu wa makamo, ndiye aliyesema, "Polepole. Toa vidole viwili tu." Akatoa. Wakamwachilia. Akarudi kwetu na uso umekuwa rangi ya jivu la jikoni.

Fundi Barasa alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua chaki, akachora pembenne juu ya kifua cha ile nguo, upande wa kushoto, nje.

"Rael, shona mfuko hapa. Kipimo ni pasibuku. Kitabu kichungulie kidogo juu. Mkono ukipotea ndani ya nguo, askari hangoji kuona unarudi na nini. Mambo yote yawe nje."

Nikashona. Mishono miwili kila upande, na pembe nikazipiga pembetatu ili zisichanike. Ndio mfuko bora niliowahi kushona. Kimondo wa Nakuru akawa shujaa wa nyota mwenye mfuko kifuani kama karani wa mizani.

Kuna mvua moja nisiyoweza kuiruka. Nimesema fundi alijua kaki. Kaki ni nguo mwaminifu, haitoi rangi hata uichemshe. Bendera ni msengenyaji, maji yakiigusa tu inasema yote. Hatukuwa tumeiloweka. Mvua ilimkuta Ndirangu kituoni, na alipofika sokoni alikuwa akichuruzika nyekundu shingoni, mikononi, miguuni. Muuza maharagwe mmoja alipiga ukunga, "Wamemuua!" akamfunika na khanga yake. Ndirangu anasema, "Mama, niko mzima," na yule mama anajibu, "Nyamaza, usimalize nguvu." Walimfikisha mpaka mlangoni mwa hospitali kabla mtu hajaonja ile damu akakuta ni rangi ya nguo. Kwa wiki nzima mtu yule alikuwa na rangi ya waridi kama heroe, wale ndege wa ziwani, na Bwana Hasmukh akauza viti kuliko mwezi wowote. Tangu hapo kitambaa chochote chekundu kikiingia chumbani mwangu hulala kwanza kwenye maji ya chumvi. Mmenilalamikia miaka mingi juu ya lile karai la maji. Sasa mnajua.

Miezi ikapita, na jambo la ajabu likatokea. Watu wakaanza kuona nyekundu kwenye picha. Yule mtu wa reli aliyeapa ni buluu, nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia mwenzake, "Uliona vile ile nyekundu yake iliwaka pale pangoni?" Mama wa kwaya akasema ni damu ya wokovu. Wafugaji waliokuja na ng'ombe walisema huyu ni kijana aliyetahiriwa juzi, ndiyo maana hana woga. Na mimi, nilipofumba macho kumtafuta Kimondo wangu wa kijani, sikumpata tena. Nguo ile ilikuwa imetoka barazani kwetu, ikapanda ukutani, ikatia rangi mbingu nzima.

Na kizuizini hakuna aliyemsimamisha tena. Yule koplo mwenye pengo alikuwa akiona wekundu tangu mbali, anasema, "Pita, Kimondo. Mfalme umemuua?" Ndirangu anajibu, "Bado, afande. Jumamosi ijayo." Kitabu kilichungulia mfukoni, macho ya askari yakakigusa, basi. Bwana Hasmukh alipoona hivyo akamwambia awe anakwenda mpaka kwenye mashamba ya Njoro kila Jumamosi, kuwaita vibarua. Ndirangu akaenda kwa furaha ambayo haikuwa ya sinema.

Alinieleza wakati mmoja, nikimtia kiraka gotini. Mama yake hakuwa akiona tena nyuso. Aliona mahindi kama ukuta mmoja, na watu kama vivuli vya ukuta huo. Lakini kitu chekundu alikiona. Jumamosi alikuwa anaketi mlangoni, anaelekeza uso njiani, na Ndirangu akiwa bado mbali kule kwenye ua wa misonobari, mama anawaambia majirani, "Wekeni chai. Mwanangu ametokea."

"Mwaka mzima kabla ya nguo hii," alisema, "nilikuwa nikifika, ananiuliza, 'Wewe ni nani?'"

Kisha ikaja picha ya rangi.

Alikuwa Kimondo yuleyule, hadithi mpya, na Bwana Hasmukh alikuwa ameitangaza mpaka Gilgil. Jumba likajaa wakaketi hata ngazini. Taa zikazimwa, mbingu ikafunguka, buluu ambayo sijawahi kuiona hata Kuresoi asubuhi ya Januari. Watu wakavuta pumzi. Mkebe wa maziwa ukatua. Mlango ukafunguka. Akatoka Kimondo.

Amevaa rangi ya majivu.

Majivu kichwani mpaka mguuni, yasiyong'aa, kama blanketi la jela. Watu wakainuka vitini wamwangalie vizuri. Halafu sauti moja kutoka nyuma:

"Huyu ni nani?"

"Ni karani wake!"

"Ni mdogo wake. Mwenyewe anakuja."

Wakangoja mwenyewe aje. Nusu ya picha walikuwa wakimwangalia yule wa majivu kwa heshima tu, kama mtu anavyomsikiliza mjumbe, macho yakiwa mlangoni mwa chombo. Mwenyewe hakuja. Picha ilipoisha walimzunguka Bwana Hasmukh. "Rudisha Kimondo wetu!" walisema, na yeye akiapa kwa mama yake kwamba ndiye huyo huyo, na kila alivyoapa wao wakimhurumia zaidi.

Kesho yake asubuhi alikuja barazani na jora la kitambaa kizito cha majivu.

"Shona kama pikcha. Kabisa kabisa. Vifungo nyuma. Mfuko hapana. Watu nasema mimi mwongo. Sasa taona nguo namna moja, ndani na nje, nanyamaza."

"Bwana," alisema fundi, "mfuko ule una kazi yake."

"Mfuko iko wapi kwa pikcha? Onyesha mimi! Ndirangu nani hapana jua? Nakuru yote najua yeye."

Ndirangu alikuwa amesimama na ufagio wake. Hakubishana. Sahihi katika kitabu chake ilikuwa ya mtu huyu anayetoa jasho. Aliuliza neno moja tu. "Na Jumamosi, bwana? Nitakwenda Njoro na hii?"

"Na hii."

Nilishona. Kazi ilikuwa safi, nisiseme uongo; kitambaa kilikaa mwilini mwake kama maji. Jumamosi asubuhi nilimfunga vifungo mgongoni, kimoja kimoja, toka kiunoni mpaka shingoni. Pasibuku alikuwa amekitia ndani, tumboni, kwenye mkanda wa suruali ya chini. Alitaka kukibeba mkononi, lakini mkono mmoja ulikuwa wa kengele na mwingine wa bango alilopewa siku hiyo.

"Mama anakohoa wiki hii," aliniambia, mgongo ukiwa kwangu. "Jana mtu amekuja kusema hali chakula."

"Utamfikia."

"Nitamfikia. Lakini atanionaje?"

Nikafunga kifungo cha mwisho.

Kabla makaa ya pasi hayajashika vizuri, muuza maharagwe, yule aliyemfunika na khanga siku ya mvua, alikuja mbio.

"Kimondo wenu ameketishwa chini kizuizini! Kuna askari wapya. Wamesema ametoroka kambi ya wafungwa, angalia hiyo nguo yake. Na lori iko hapo!"

Fundi Barasa aliweka mkasi chini. Akavaa kofia yake ya Burma. "Chukua ile nyekundu," aliniambia.

Tuliwakuta watu wameketi mavumbini, mikono vichwani, karibu na lori. Ndirangu alikuwa wa mwisho, majivu juu ya vumbi, ningempita nisimwone. Askari kijana alikuwa amesimama juu yake.

"Huyu anasema kitabu kiko ndani ya nguo," alisema kijana, "na nguo haina pahali pa kufungua. Anataka tumwekee mikono mwilini, halafu nini? Anafikiri sisi ni wajinga?"

"Iko mgongoni, afande," alisema Ndirangu, uso chini. "Vifungo viko mgongoni. Mimi mwenyewe siwezi."

"Mtu mzima! Nani amekufunga?"

"Mimi," nilisema. Sauti ilitoka ndogo, nikairudia. "Mimi ndiye nilimfunga. Niache nimfungue."

Bunduki mbili ziligeuka kunitazama. Fundi alivua kofia, akaishika kifuani, akasema kwa ile sauti yake ya jeshi, "Afande, huyu msichana ni fundi wangu. Mikono yake iko nje. Iangalieni tu."

Nikainyosha mikono, vidole vimetawanyika, nikaenda hivyo mpaka kwa Ndirangu. Nilipiga magoti nyuma yake. Vifungo vile nilikuwa nimevishona viwe vigumu visilegee njiani, na sasa nikavilaani kimoja kimoja. Mgongo wake ulikuwa unatetemeka kama ngozi ya ng'ombe inayofukuza inzi. Nguo ikafunguka. Pasibuku kikateleza kutoka kiunoni, kimelowa jasho, kikaanguka vumbini kati yetu.

Wakati huo yule koplo mwenye pengo akatoka kwenye kibanda, kikombe cha chai mkononi. Akakiokota kitabu. Akakifungua. Akamtazama Ndirangu, akatazama furushi jekundu kwapani mwa fundi.

"Kimondo?"

"Ndiyo, afande."

"Mbona hukuvaa nguo yako?"

"Wamesema si yangu, afande."

Koplo alikunywa chai kidogo. "Nani amesema?"

"Picha."

"Hiyo picha nimeiona," alisema koplo. "Hiyo picha imekosea. Simama, vaa nguo yako, kabla sijaanza kukutilia shaka."

Akavaa pale pale barabarani, juu ya vumbi lile jeupe. Koplo mwenyewe alikitia kitabu kwenye mfuko wa kifuani na kukigonga mara moja kwa kidole. Wale wengine waliokuwa wameketi chini waliinua macho. Wao hawakuwa na vazi la kuwatoa. Lori liliondoka nao mchana ule, na mpaka leo nikikumbuka furaha yangu nawakumbuka wao pia, kwa sababu furaha ile na lori lile vilikuwa mahali pamoja.

Ndirangu aliondoka akikimbia kuelekea Njoro. Tulisimama tukimtazama. Barabara ile imenyooka, na nyekundu haiishi upesi machoni; ilikuwa mtu, ikawa ua, ikawa nukta, na hata nukta ilikataa kuzimika.

Jumatatu alirudi kufagia. Hatukumwuliza. Alifagia safu ya mbele yote, kisha akasema, bila kuinua uso, "Alikuwa mlangoni. Walikuwa wamemwambia aingie ndani alale, amekataa. Nilipofika kwa misonobari nikamsikia anaita, 'Umechelewa leo.'"

Alimzika mama yake mwezi uliofuata. Alikwenda mazikoni na nguo ile nyekundu, na wazee wa kanisa wakampisha mbele.

Bwana Hasmukh alikuwa amesikia yote. Kwa siku mbili baada ya Jumamosi ile hakuja barazani. Siku ya tatu alikuja, akasimama mbele ya cherehani, jasho likimtoka kama kawaida.

"Mimi nafikiri," alisema. "Wewe Barasa, Jumapili iko na nguo gani?"

"Suti, bwana."

"Na hapa kazini?"

"Hii kaki."

"Sasa! Kimondo pia. Kule kwa nyota iko kazini, navaa ya kazi. Nakuja Nakuru, mgeni, navaa ya kutembea." Akatutazama kwa woga, kama mwanafunzi. "Iko sawa?"

Fundi alirudisha mguu kwenye cherehani. "Iko sawa kabisa, bwana."

Na ilikuwa sawa. Ndirangu alitangaza neno hilo mjini, na Nakuru nzima ikasema, Aa, kumbe! Nani haelewi? Nani anakwenda kwa watu na nguo za shamba? Jioni ile walikuja kumwona yule wa majivu, wakampenda, wakamwonea huruma anavyochafuka kazini. Maana walijua nyumbani amekunja nyekundu yake sandukuni, inamngoja.

Nimevalisha mashujaa wengi baadaye, kwenye majukwaa na mbele ya kamera. Wenye kusoma sana wameniambia nyekundu ni hasira, nyekundu ni mapenzi, nyekundu ni hatari. Nimewaitikia, kisha nimeuliza nguo itatembea njia gani, na nani anaingoja mwisho wa njia.

Miaka ile ya hamsini ilipokaribia kwisha, vizuizi vilianza kuondolewa, na pasibuku vikaacha kuulizwa. Fundi Barasa alikuwa amekwisha kurudi kwao, ameniachia cherehani, na kofia hakuiacha. Ndirangu alikuja barazani na nguo ile kwapani. Ilikuwa imepauka mpaka kuwa rangi ya matofali ya zamani, na mabegani ilikaribia kuwa nyeupe.

"Rael, nitolee huu mfuko," alisema. "Sina tena cha kutia."

Nilichukua wembe. Mishono ile miwili ilikuwa bado imeshika kama siku ya kwanza, na ilinibidi nikate uzi mmoja mmoja. Nikaanza chini, nikapanda upande huu na ule, mwisho zile pembetatu za pembeni. Mfuko ukatoka mkononi mwangu. Pale ulipokuwa, juu ya kifua kilichopauka, palibaki pembenne moja, kipimo cha pasibuku, nyekundu kama siku ile tuliyolifungua jora, nyekundu ambayo jua la Nakuru halikuwahi kuiona.

Ndirangu aliweka kiganja juu yake, kisha akakiondoa.

"Kumbe," alisema, "nilikuwa mwekundu namna hii."

Akaivaa, akafunga vifungo mwenyewe, akachukua kengele, akatoka.